Tone Chini ya Motokaa: Maji ya Rejeta na Daftari la Safari

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kigoma)



Pengine wengi wenu mlitazamia kwamba tutanena juu ya mishahara, au vyeo, au likizo, kwani hayo ndiyo maneno yaliyozoeleka makarani wanapokutana. Sisi tumechagua jambo dogo kuliko hayo yote, nalo ni tone linaloonekana chini ya motokaa asubuhi. Labda mtu atasema, Hilo ni jambo la dereva na fundi. Karani lamhusu nini? Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, ndipo mhukumu kama latuhusu au halituhusu.

Kwanza na tukumbuke mahali tulipo. Sisi tukaao pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji mpaka bandari ya Kigoma, twakaa kadiri ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu imesimama milima. Mtu aendaye Kasulu, au Manyovu karibu na mpaka wa Burundi, hana budi kupanda. Aendaye Uvinza hupambana na vumbi wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua. Katika njia hizo husafiri chanjo ndani ya masanduku ya baridi, na karatasi za mitihani ya shule, na wagonjwa waletwao Hospitali ya Maweni. Basi gari likichemsha katikati ya mlima, si chuma peke yake kinachokwama. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa angoje injini ipoe.

Neno letu la leo ni moja, nalo ni hili: maji ya rejeta hayaliwi na injini. Petroli huliwa, dizeli huliwa, na oili yaweza kupungua kidogo kidogo katika injini iliyochoka. Lakini maji ya rejeta huzunguka tu ndani ya nyumba yake na kurudi yalikotoka. Yakipungua, yamekwenda mahali. Na mtu aongezaye maji kila siku bila kutafuta yalikokwenda, wala kuandika kiasi alichoongeza, hafanyi matengenezo, afuta ushahidi.

Ili tuelewane vema, yafaa tueleze kwa ufupi jinsi injini inavyopozwa. Ndani ya injini mafuta huwaka mara nyingi sana katika kila dakika. Takriban theluthi moja ya nguvu ya moto huo ndiyo iendayo kuzungusha magurudumu; sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi pamoja na moshi, na sehemu nyingine kubwa hubaki katika chuma. Kama joto hilo lisingechukuliwa na kutupwa nje, vyuma vingevimba na kushikana, na hedi ya injini ingepinda. Kazi ya kulichukua ni ya maji. Pampu huyasukuma maji kupita katika njia zilizochongwa ndani ya injini, nayo hupokea joto. Yakiisha kupata moto wa kutosha, aghalabu nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi au zaidi kidogo kwa kadiri gari lilivyoundwa, mlango mdogo uitwao themostati hufunguka, maji yakaenda katika rejeta iliyo mbele. Huko hupita katika vijia vyembamba, upepo wa safari na wa feni ukayapoza, kisha yakarudi kuanza tena.

Juu ya rejeta, au juu ya chupa yake, pana kifuniko ambacho watu wengi hukidharau kwa kuwa ni kidogo. Kumbe kifuniko hicho chafanya kazi kubwa. Maji yaliyo wazi hapa Kigoma huchemka kadiri ya nyuzi 97, wala hayafiki 100, kwa sababu tupo juu kuliko pwani ya bahari na hewa yetu ni nyepesi zaidi. Ukifika Kasulu, mji ulio juu ya mita 1,000, huchemka upesi zaidi. Lakini kifuniko kikiwa kizima huyabana maji kwa shinikizo linalokaribia lile la hewa yenyewe, hata yasichemke mpaka yapate nyuzi 120 hivi. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichokufa raba yake litachemsha mlimani ingawa rejeta ni nzima na pampu ni nzima. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu akifungua kifuniko wakati injini ina moto, yale maji yaliyobanwa hugeuka mvuke kwa ghafula, yakaruka na kumbabua uso na mikono. Sheria hii na iandikwe katika kila ofisi yenye gari: kifuniko hakifunguliwi ila injini imepoa hata mkono waweza kutulia juu ya rejeta.

Sasa tuseme jinsi ya kuyatazama maji. Wakati wake ni asubuhi, kabla injini haijawashwa, na gari likiwa mahali tambarare. Gari nyingi za siku hizi zina chupa nyeupe ya akiba yenye alama mbili, ya chini na ya juu. Maji yakisimama katikati ya alama hizo, yatosha. Lakini mtu asitosheke na chupa peke yake, kwa maana mpira unaotoka chupani kwenda rejeta ukiziba au ukipasuka, chupa yaweza kuwa imejaa hali rejeta yenyewe i tupu. Ikiwa rejeta ina kifuniko chake, kifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, maji yaonekane kwa macho yamefika shingoni.

Hapo hapo na tutazame hali ya maji. Yakiwa na rangi ya kutu, njia za ndani zinaliwa. Yakiwa na mafuta yanayoelea juu, yapo mahali ambapo oili na maji yamekutana, jambo ambalo halikupasa kuwa. Kisha uchomolewe ule ujiti wa kupimia oili. Oili ikionekana kama chai ya maziwa, basi maji yameingia ndani ya injini, na gari hilo lisiwashwe mpaka fundi aje. Mwisho tubinye mipira ya maji kwa vidole: uliokuwa mgumu kama mti mkavu, au laini kama ndizi iliyoiva mno, umefika mwisho wa maisha yake. Mkanda unaozungusha pampu nao utazamwe kama una nyufa. Kazi hii yote haizidi dakika tano.

Baada ya hayo tuiname, tutazame chini ya gari. Wenzetu wa Ujiji wana taabu moja, kwamba mchanga wao hunywa kila kitoneshwacho, na asubuhi hauonyeshi neno. Dawa yake ni nyepesi: jioni tutandaze boksi kavu lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi tulitazame. Boksi hilo ni kama karatasi ya barua. Gari limeandika usiku, nasi yatupasa kusoma.

Yapo matone yasiyo na ubaya. Gari lenye kiyoyozi likiisha kufanya kazi hudondosha maji chini, aghalabu karibu na miguu ya abiria wa mbele. Maji hayo hayana rangi, hayana harufu, wala hayatelezi kidoleni. Ni unyevu wa hewa uliogandamizwa na baridi, kama jasho la mtungi. Kadhalika maji machache yatokayo katika ekzosi wakati wa asubuhi si ugonjwa.

Tone la rejeta ni jingine. Likiwa lina ile dawa ambayo mafundi huiita kulanti, huwa na rangi ya kijani, au nyekundu, au buluu, au waridi. Huteleza kidogo, harufu yake ina utamu, nalo likikauka juu ya mpira au chuma huacha ukoko wenye rangi. Ukoko huo ni shahidi mwema sana, kwa sababu huonyesha njia ya uvujaji hata baada ya maji yenyewe kukauka. Likionekana mbele kabisa, tushuku rejeta na mipira yake. Likionekana upande ulio na mikanda ya injini, tushuku pampu. Maana pampu nyingi zina tundu dogo chini ya shingo, lililowekwa makusudi litoe maji kama onyo wakati mhuri wa ndani unapoanza kufa.

Tone la oili ya injini huwa na rangi ya asali likiwa jipya, na nyeusi likiwa la zamani. Mafuta ya gia za otomatiki mara nyingi huwa mekundu, na mafuta ya usukani huweza kuwa mekundu vilevile. Hapa kwetu yafaa kuwa na hadhari: lori lililopakia madebe ya mawese laweza kudondosha wekundu ambao si wa gari kabisa. Mawese hupatwa na baridi ya usiku yakaanza kuganda, tena harufu yake kila mtoto wa Kigoma aijua. Fundi asiitwe kwa ajili ya debe bovu.

Yapo matone mawili ambayo yakionekana gari lisiondoke hata hatua moja. La kwanza ni mafuta ya breki. Hayo ni mepesi, yana rangi ya maji au ya manjano iliyofifia, nayo huonekana karibu na gurudumu au chini ya kanyagio. Gari lisilopanda mlima laweza kusukumwa, bali gari lisilo na breki katika mteremko wa kushukia ziwani halina msaidizi. La pili ni petroli, ambayo pua huitambua kabla ya jicho. Hapo sigara izimwe, gari lisiwashwe, watu wasogee mbali, na fundi aitwe.

Twaongeza onyo moja. Wapo watu wanaoonja tone kwa ncha ya ulimi ili wajue kama ni tamu. Jambo hili ni la hatari. Kulanti nyingi zimefanyizwa kwa kitu kiitwacho ethilini glaikoli, ambacho ni kitamu nacho ni sumu. Huharibu figo na huweza kuua. Mbwa na mbuzi huyalamba kwa ajili ya utamu wake, na watoto pia. Basi yasiachwe katika beseni wazi, wala yasitiwe katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto akiyanywa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama aonekana mzima, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Pengine mtu atauliza, Je, maji yakipungua na chini ya gari pakavu? Swali hilo ni zuri, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Maji yaweza kuvuja juu ya chuma chenye moto yakakauka kabla ya kudondoka. Yaweza kuvuja wakati gari liko njiani tu, shinikizo likiwa kubwa, na kukoma likisimama. Yaweza kutoka katika kile kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari, ukaona zulia la abiria limelowa. Au gasketi ya hedi imeungua, maji yakaingia mahali pa moto na kutoka kwa ekzosi kama moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata joto. Kwa hali kama hizo fundi hutumia pampu ya mkono kuyabana maji injini ikiwa baridi, akatazama mshale wa kipimo kama washuka. Kama hapana tone na maji yapungua, ugonjwa huenda ukawa mkubwa zaidi kuliko palipo na tone. Ukavu wa ardhi usitufariji.

Tukipatwa njiani je? Mshale wa joto ukipanda kupita mahali pake pa kila siku, dereva azime kiyoyozi na apunguze mwendo. Ikiwa gari lina kipasha joto, akifungue mpaka mwisho. Abiria watatokwa jasho, lakini joto litakuwa limetoka katika injini. Mshale ukizidi kupanda, au mvuke ukionekana, asimame mahali salama na kuzima injini. Asikimbilie kifuniko. Angoje nusu saa au zaidi, kisha akifunike kwa kitambaa kizito na kukilegeza kidogo kidogo, uso ukiwa mbali. Maji ya kuongeza yasitiwe kwa wingi wala kwa haraka, maana maji baridi yakikutana na chuma chenye moto mwingi, chuma hupasuka kama glasi iliyotiwa chai ya moto. Tena mabwana wakubwa walio ndani ya gari wasimharakishe dereva. Cheo hakipozi injini.

Sasa twafika kwenye swali ambalo watu wa pwani hii huuliza mara nyingi: kwa kuwa tunalo ziwa kubwa mlangoni, kwa nini tununue maji? Ziwa letu ni refu kwenda chini kuliko maziwa yote ya Afrika, lapata mita 1,470, na maji yake huonekana safi kama kioo. Lakini usafi wa macho si usafi wa rejeta. Maji ya ziwa yamechukua chumvi chumvi za mawe kwa muda wa miaka mingi, maana mto mmoja tu, Lukuga, ulio upande wa Kongo, ndio unaoyatoa nje; mengi mengine huondoka kwa kukaushwa na jua, na jua halichukui chumvi.

Atakaye kuelewa jambo hili na aende Uvinza. Huko tangu zamani watu wamechota maji ya chemchemi za chumvi na kuyachemsha; maji yakaenda zake, chumvi ikabaki. Rejeta nayo ni chungu cha moto. Kila mara yanapopungua yakaongezwa mengine ya ziwa au ya kisima, mawe meupe hukaa ndani ya vijia vyake vyembamba, kama tuyaonavyo ndani ya birika la chai. Mwishowe njia huziba, gari likachemsha hali limejaa maji. Na maji ya chemchemi za Uvinza zenyewe yasitiwe katika gari kamwe, kwani chumvi ile hula chuma na alumini.

Yafaayo ni kulanti iliyoandikwa katika kitabu cha gari, ikichanganywa na maji yaliyoondolewa chumvi, kama yale yauzwayo kwa ajili ya kuongeza katika betri. Lakini chupa isomwe vema, isije ikawa ni tindikali ya betri. Watu husema, Kulanti ni kitu cha Ulaya, maana kule maji huganda. Kwetu barafu iko wapi? Hao wamesikia nusu ya habari. Kulanti huzuia kutu, hulainisha mhuri wa pampu, na huongeza nyuzi kadha kabla ya maji kuchemka. Hayo matatu twayahitaji Kigoma kuliko wanavyoyahitaji wengine. Rangi peke yake isiwe mwongozo, kwa sababu watengenezaji hawana kanuni moja ya rangi, na namna mbili zisizopatana zikichanganywa huweza kuwa ute unaoziba njia. Basi isomwe chupa, usomwe kitabu. Na muda wake ukifika ibadilishwe, kwa kuwa dawa ya kutu huchoka hata kama rangi ingali nzuri.

Hatusemi kwamba mtu aliyekwama porini akatae maji ya mtoni. Aliye na shida na atumie maji safi kadiri ayapatavyo; ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Lakini akirudi aseme, na aandike, ili rejeta isafishwe na kutiwa maji yake ya haki. Na kulanti ya zamani isimwagwe ufukweni. Katika ziwa hili wamo samaki wa namna nyingi wasiopatikana mahali pengine po pote duniani, na dagaa wetu huanikwa juu ya mchanga ule ule ambao wengine huufanya mahali pa kuoshea magari.

Mabwana na Mabibi, sasa twarudi kwenye neno tuliloahidi, yaani sehemu ya karani katika jambo hili.

Gari la mtu binafsi lina macho mawili yanayolitazama kila siku. Gari la ofisi halina bahati hiyo. Leo laendeshwa na huyu, kesho na yule, keshokutwa limeazimwa idara ya jirani. Tuseme Jumatatu dereva wa kwanza ameongeza lita moja. Alhamisi dereva wa pili ameongeza nusu lita. Jumatatu ya pili dereva wa tatu ameongeza lita moja tena. Kila mmoja wao ajua tendo lake tu, na kila mmoja ana haki kudhani kwamba ni jambo dogo. Kumbe katika siku nane zimekwenda lita mbili na nusu, na injini ile iko karibu kufa. Ni nani awezaye kuliona jambo hilo? Si dereva wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Aonaye ni daftari peke yake, na mwenye daftari ni karani.

Twajua kwamba kitabu cha safari huandikwa tarehe, mahali pa kwenda, kilomita na mafuta. Twaomba iongezwe safu moja, si zaidi, na ndani yake dereva aandike maneno machache: maji yaliyoongezwa, na tone lililoonekana. Kama hapana, aandike hapana. Safu isiachwe wazi, maana nafasi iliyo wazi haisemi kama mtu alitazama au hakutazama. Na karani kila mwisho wa juma ajumlishe, kama ajumlishavyo stempu na karatasi. Akiona maji yameongezwa mara mbili katika juma moja, gari lipelekwe kwa fundi kabla ya safari ndefu. Kwa kazi hiyo hahitaji kujua kufungua hata nati moja. Ahitaji kujua kujumlisha.

Lakini daftari halitasema kweli ikiwa msema kweli huadhibiwa. Hapa lipo jambo zito, nasi hatutalipita. Mara nyingi dereva aripotiye kasoro huulizwa maswali kama mwizi: umefanya nini, umeligonga wapi, utalipa nani? Na yule anyamazaye, ajazaye maji gizani asubuhi, husifiwa kwamba gari lake halina matatizo. Matunda ya desturi hiyo yajulikana. Kifuniko cha bei ndogo hakinunuliwi, mpira wa maji haununuliwi, mpaka siku ya kununua hedi nzima, au injini nzima. Na siku hiyo lawama zote humshukia yule ambaye usukani ulikuwa mikononi mwake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini tukimpiga aonyeshaye ufa, nani atauonyesha tena?

Basi twawasihi wakuu wa ofisi: aandikaye tone ashukuriwe. Twawasihi makarani wenzetu: ombi la kununua kitu kidogo cha gari lisilale mezani likingoja saini kwa majuma. Ombi hilo ni dogo kwa fedha, si dogo kwa mgonjwa aliye njiani. Na twawasihi madereva, ambao ni ndugu zetu katika kazi: msione haya kuandika, kwa kuwa mandishi yenu ndiyo yatakayowatetea. Siku gari litakapokufa, aliyeandika ana shahidi, asiyeandika hana.

Tunao hapa bandarini mfano ambao wageni huja kuutazama kutoka mbali. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilionekana ingali yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Watu wale walikuwa wameshindwa, nao walikuwa wakiondoka. Hata hivyo hawakuona kuwa ni kazi bure kutumia muda wao wa mwisho kukilinda chuma. Sisi hatukushindwa vita, wala hatuna haraka ya kukimbia. Tutasema nini tukishindwa kuinama dakika tano asubuhi?

Twamaliza, Bwana Mwenyekiti, kwa kuleta ombi mbele ya mkutano huu, lijadiliwe na likikubaliwa lipelekwe kwa wakuu: kwamba kila kitabu cha safari kiwe na safu ya maji na matone, kwamba safu hiyo ijumlishwe kila juma, na kwamba dereva asiulizwe kwa ukali juu ya kasoro aliyoiandika mwenyewe. Gharama yake ni mstari wa kalamu. Faida yake wataipata watu ambao hawatajua kamwe kwamba tuliwahi kukutana hapa, nao ni wale watakaofika hospitalini salama.

Sasa tu tayari kupokea maswali.